Chupa Niliyoiandikisha kwa Jina la Wifi

Tangu nirudi, kila anayepita kwangu huanza na pole na kumalizia na "hebu tusimulie." Nimesimulia vipande vipande, hapa kwenye mkeka wa kuanikia kahawa, pale kisimani, na sasa kila mtu ana kipande chake. Jumapili iliyopita nimesikia kwa masikio yangu, nje ya kanisa, kwamba nilisafiri na mkono wa mtu ndani ya kikapu. Ndiyo maana nimeomba daftari la mjukuu wangu na nimeamua kuandika yote mara moja. Habari za kadi, mihuri na foleni naziruka, maana zilinichosha mimi na zitawachosha ninyi.

Mnajua kwamba nilikatwa titi la kushoto katika hospitali ya misheni hapa hapa Karagwe. Ambalo wengi hamkujua ni neno aliloniambia daktari siku ya kunitoa nyuzi. Alisema saratani ya titi si moja. Iko ambayo inalishwa na homoni za kike, zile zinazotufanya tuone siku zetu, na hiyo ina vidonge vyake vya kuinyima chakula. Iko nyingine ambayo haina habari na homoni, na hiyo inataka dawa kali za kutundikiwa, Dar es Salaam. Ukimpa mtu dawa ya ile na anaumwa hii, unampotezea muda, na muda ndio hana.

"Yangu ni ipi?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Kwa macho zinafanana. Inabidi kipande kipakwe rangi maalumu, na mimi hapa sina."

Lakini alikuwa amesikia kwamba daktari wa saratani kutoka ng'ambo amefika Mwanza na sanduku la rangi hizo, na kwamba angeondoka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Akanipa kipande cha uvimbe wangu ndani ya chupa ya dawa ya kuhifadhia, akaandika jina langu na umri wangu, miaka arobaini na minne, juu ya plasta, akaibandika. Akanipa na barua. Basi kazi yangu ilikuwa hiyo, kumfikia huyo daktari kabla hajaondoka na kuulizia uvimbe wangu unakula nini.

Nyakatuntu hadi Kayanga

Niliondoka Jumamosi asubuhi juu ya lori la kahawa. Dereva alikataa kunikalisha mbele kwa sababu mbele kulikuwa na bibi harusi wa watu, nami sikutaka kubishana na bibi harusi. Nikakaa juu ya magunia, kikapu mapajani upande wa kulia, maana upande wa kushoto jeraha lilikuwa bado halitaki mchezo.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya mkeka, mchunga ng'ombe. Hatujafika mbali akanusa.

"Mama, shikamoo sikupi maana tunalingana, lakini hicho kikapu kinanuka nini?"

"Dawa ya ng'ombe," nikamjibu, nikidhani nimemaliza maneno.

Kumbe nimeyaanza. Alikuwa na ng'ombe watatu wenye kupe. Aliniomba kifuniko kimoja tu. Akaomba nusu kifuniko. Akataka kujua inachanganywa na maji kiasi gani, na kama inaua.

"Inaua," nikasema.

"Ndiyo ninayoitafuta!"

Mvua ilikuwa imenyesha na lori likazama matopeni mara mbili. Mara zote mbili yule mzee alishuka kusukuma, akarudi na tope hadi magotini, na akaendelea palepale alipoachia. Tulipoachana alinitazama kama mtu mchoyo kuliko wote aliowahi kukutana nao. Leo namwonea huruma, lakini siku ile ningeweza kumtupa chini.

Kayanga nilimkuta wifi yangu Yustina, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ameolewa Kituntu. Yustina ana miaka sitini na mitatu, ana sauti ya kuitia mtu upande wa pili wa bonde, na alikuwa amekuja na mzigo wa ndizi zilizopikwa na maharage, zimefungwa kwenye majani ya mgomba, pamoja na senene, wale panzi wetu, wa kukaanga.

"Wifi, tunakwenda hospitali au tunakwenda kulima?" nikamuuliza.

"Tunakwenda kwa watu wanaokula ugali wa muhogo," akasema. "Mimi sitakufa huko."

Halafu akakumbuka ninaumwa nini, akaziba mdomo kwa kanga. Nikacheka mpaka jeraha likauma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nikatwe.

Kayanga hadi daraja la Kagera

Basi lilitakiwa liondoke Jumapili alfajiri. Likaondoka saa nne, likapata pancha kabla hatujamaliza kusema sala ya safari. Siku zile wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wengi kwetu na barabara ilikuwa na vizuizi kila mahali. Kwenye daraja la Kagera tukashushwa wote na askari wakaanza kupekua mizigo, wakitafuta silaha.

Askari aliyepangiwa upande wetu alikuwa kijana mwenye kope nzito. Alifunua kikapu changu, akatoa chupa, akafungua kifuniko kidogo na kunusa. Macho yakamtoka machozi.

"Hii nini?"

Nikatazama ile foleni nyuma yangu. Nilikuwa nimechoka na habari za ng'ombe.

"Ni titi langu," nikasema. "Daktari alilikata. Hicho ni kipande chake, nakipeleka Mwanza kikapimwe."

Yule kijana alifunga kifuniko polepole, akarudisha chupa kikapuni kwa mikono miwili, akavua kofia.

"Pole, mama. Mama yangu mdogo aliumwa hivyo." Akawageukia abiria. "Huyu mama anakaa mbele. Nani yuko mbele?"

Wakanipisha. Njia yote hadi Bukoba nilikuwa nikijishangaa. Nilikuwa nimemtamkia kijana nisiyemjua, mbele ya basi zima, neno ambalo nyumbani nilikuwa sijalitamka hata mbele ya watoto wangu. Nikajiambia kwamba mdomo umeshafunguka na hautafungwa tena, na nikawa najisifu kimoyomoyo.

Bukoba, kusubiri meli

Meli ilikuwa imeondoka. Tuliambiwa inayofuata ni Jumanne jioni, na hiyo nayo kama injini itakubali. Nikahesabu siku kwa vidole: nikifika Mwanza Jumatano asubuhi, zinabaki siku tatu. Yustina akaniambia niache kuhesabu kwa sababu nazimaliza.

Tulifikia kwa mama mmoja wa parokia, mjane kama mimi, ambaye Yustina alimpata kwa kuuliza tu njiani. Alitukaribisha vizuri, akapika samaki na ndizi. Lakini alipojua kilichomo kwenye kikapu, akasema kwa upole kwamba kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakilali chini ya dari moja na chakula. Sikukasirika, kwa maana hata mimi ningesema hivyo. Nikatoka nacho, nikaketi nje chini ya upenu wa jiko, nimeamua kukaa hapo siku mbili zote ikibidi.

Baada ya muda yule mama akaja na kigoda chake na kahawa ya kutafuna, akaketi nami.

"Dada yangu alikuwa na uvimbe titini," akasema. "Aliufunga kitambaa mwaka mzima. Mganga wa zahanati yetu alikuwa shemeji yake, waitu, ndugu yangu. Angemfunulia vipi?"

"Akapona?"

Akatikisa kichwa. Tukatafuna kahawa. Nilimhukumu huyo dada yake moyoni, nawaambia kweli. Niliwaza kwamba mtu anawezaje kuiona aibu kuwa kubwa kuliko kaburi, na nikawaza hivyo kwa kiburi kabisa, kama mtu aliyefaulu mtihani wa daraja la Kagera.

Injini ilikubali. Safari ya ziwani sitaisimulia, maana niliilala yote, na Yustina aliyekesha ana masimulizi yake.

Mwanza, dirishani

Hapa lazima nieleze jambo ambalo ninyi mnalijua, ila daftari huweza kufika mbali. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Mkwe akipita njia, mimi naingia mgombani. Hatuli meza moja, hatupeani mkono, na tukitaka kuambizana kitu tunamtuma mtu wa katikati. Si uadui, ni heshima. Binti yangu Editha ameolewa Mwanza na Deogratias, kijana wa kwetu huku huku, na kwa miaka sita ya ndoa yao nilikuwa nimemwona mgongo tu.

Nilijua Deogratias anafanya kazi hospitalini, maabara. Lakini kwangu maabara ilikuwa mahali pa kutoboa watu vidole kwa ajili ya malaria. Editha alitupokea bandarini na akatuweka kwa jirani yake, kwa kuwa kulala chini ya paa la mkwe haiwezekani. Nilipomwuliza nani ataipokea chupa, akatazama pembeni.

"Watu wa maabara, mama."

Tulikwenda mimi na Yustina. Kulikuwa na dirisha dogo lenye waya, na juu yake wameandika kwamba vipimo vya nyama vinapokelewa hapo. Nikainama nitoe chupa. Nikainua macho, na ndani, amevaa koti jeupe, amenipa mgongo ule ninaoujua, amesimama Deogratias. Mbele yake kulikuwa na kisu chembamba na kipande cha nyama ya mtu kwenye sahani.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Yeye ndiye anayekata. Angelichukua titi langu, mimi mama wa mke wake, akalikata kata kama nyanya na kulitazama kwenye hadubini.

"Mawe!" nikasema kwa lugha ya kwetu, yaani mama wee, nikajificha nyuma ya nguzo.

Yule mwanamke wa daraja la Kagera sijui alikwenda wapi. Nilibandua plasta yenye jina langu, nikaifinyanga, nikaitia kwenye mfuko wa gauni pamoja na barua ya daktari. Nikamsukumia Yustina chupa.

"Wifi, sema ni yako."

"Yangu? Mimi mbona yangu yote mawili yapo?"

"Nani atayahesabu? Sema ni yako. Akiuliza umri sema wako. Nakuomba."

Yustina alinitazama, akatazama dirisha, akaelewa. Yeye naye ni mtu wa kwetu. Akaenda, akaita kwa ile sauti yake, na akaandikishwa: Yustina, miaka sitini na mitatu, barua imepotea njiani. Alirudi amefurahi kidogo, kama mtu aliyeghani ngonjera akapigiwa makofi.

Tuliambiwa majibu ni Ijumaa mchana. Siku zile mbili Editha alinihadithia kazi inavyofanyika, pasipo kumtaja mumewe. Nyama inakatwa nyembamba kuliko karatasi, inabandikwa kwenye kioo, kioo kinachemshwa ndani ya sufuria ya presha kama ile ya kupikia maharage, halafu kinapakwa ile rangi. Kama uvimbe unakula homoni, viini vya seli hugeuka kahawia. Kama hauli, hubaki buluu. Nilikuwa nimezoea kumwomba Mungu mvua na afya. Sasa nilipiga magoti kwenye chumba cha jirani nikamwomba rangi ya kahawia.

Mwanza, chumba cha daktari

Daktari mgeni alikuwa mama mzee wa Kizungu, nywele nyeupe, miwani imening'inia kifuani. Alijua kusema "karibu" na "pole" tu. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa amekwenda msibani. Akapiga simu, mlango ukafunguka, akaingia Deogratias.

Nikavuta kanga hadi puani. Yeye akakokota kiti hadi kwenye pembe, akaketi akiutazama ukuta. Yule mama wa Kizungu alitushangaa lakini hakuuliza.

Daktari alimsemesha Yustina, na ule ukuta ukatafsiri. Seli zimeshika rangi ya kahawia, karibu zote. Uvimbe unalishwa na homoni za kike. Dawa ipo, vidonge, kimoja kila siku, kwa miaka.

Nilifumba macho. Nilitaka kumkumbatia mtu lakini hapakuwa na wa kukumbatiwa. Nikawaza kwamba yamekwisha. Yustina apokee vidonge, anikabidhi nje, twende zetu, na hakuna aliyeaibika.

Daktari akaendelea. Deogratias akatafsiri.

"Daktari anasema, kwa kuwa mama ana miaka sitini na mitatu na hedhi ilishakoma, vidonge vinatosha. Lakini kama angekuwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, mwili wake ungekuwa bado unaulisha ugonjwa kila mwezi, na yeye angeshauri pia ovari, zinazotengeneza hizo homoni, zitolewe."

Halafu akayarudia. Hakuwa ameombwa. Aliyarudia polepole, neno kwa neno, akiuambia ukuta: "Kama angekuwa bado anaona siku zake, vidonge peke yake daktari asingeviona vinatosha."

Yustina akanigeukia. Mimi siku zangu nilikuwa nimezimaliza wiki ile ile, njiani, na nilikuwa na vitambaa kwenye mzigo wangu. Nikamkumbuka yule dada wa Bukoba niliyemhukumu. Nikaona jinsi ilivyo rahisi, jinsi ambavyo ningetoka mle ndani kwa heshima zangu zote na kwenda kuzikwa nazo.

Nikashusha kanga.

"Mwanangu," nikamwambia mkwe wangu. Sijawahi kumwita kitu chochote kabla ya hapo. "Mwambie daktari chupa si ya huyu. Ni yangu. Nina miaka arobaini na minne. Siku zangu bado naziona."

Mgongo ule ulitulia. Akayasema yote kwa Kiingereza, bila kupunguza. Yule mama wa Kizungu akavaa miwani, akatutazama mmoja mmoja, na uso wake ukawa mkali.

"Anauliza atajuaje ni kweli," Deogratias akasema. "Akimpasua asiye mwenyewe ni kosa kubwa. Anataka kuona jeraha. Mama, mimi natoka nje."

"Ukitoka nani atatafsiri?" nikamwuliza. "Kaa."

Nikafungua vifungo. Yustina akafungua vyake bila kuambiwa, akamwonyesha daktari kwamba hana upungufu. Mkwe wangu aliweka paji la uso kwenye ukuta na mikono miwili masikioni, kana kwamba masikio nayo yanaona, na kila daktari alipouliza aliondoa mkono mmoja, akatafsiri, akaurudisha. Nikampa daktari barua na ile plasta iliyofinyangwa.

"Kuna kitu kingine," akasema Deogratias. "Mama, ndani ya chupa mlikuwa na kikaratasi. Madaktari hutia kikaratasi cha penseli ndani, maana plasta hutoka. Kina jina lako. Nilikiona Jumatano."

"Ukanyamaza?"

"Nilisubiri mama aseme mwenyewe. Kama usingesema leo, ningesema mimi kabla hamjavuka mlango huu, hata ungenilaani." Akashusha mikono yote miwili kutoka masikioni. "Kile kipande nilikikata mimi mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine akishike."

Nililia hapo. Yustina naye alilia, kwa sauti yake, hadi watu wakafungua mlango kutazama. Daktari alimwuliza Deogratias kitu, naye akajibu kwa ufupi. Baadaye nilimwomba muuguzi aniulizie kilichosemwa. Daktari alitaka kujua huyu mama ni nani kwake hata ashindwe kumtazama. Alimjibu kwamba ni mama yake.

Kurudi

Nilipasuliwa na madaktari wa pale pale baada ya mgeni kuondoka, nikakaa Mwanza mwezi na zaidi. Njia ya kurudi haikuwa na vituko, na nilimtafuta yule askari darajani lakini alikuwa amehamishwa. Mnaoniuliza kama nimepona, jibu langu ni kwamba sijui, na daktari naye alisema hajui. Najua ninachoumwa, najua kinakula nini, na nakinyima chakula kila siku baada ya chai.

Wiki iliyopita Editha na mumewe wamekuja kunitazama. Deogratias aliketi ukumbini, mimi nikakaa nyuma ya pazia la chumba, kama inavyopasa. Chakula chake nilimpelekea kwa mkono wa Yustina. Alipomaliza kula akakohoa, na Yustina akasogea ili apokee ujumbe wa kuniletea. Hakumpa. Alinyanyua sauti kidogo.

"Mama, umemeza cha leo?"

Yustina alibaki amesimama katikati ya nyumba, hana kazi. Nikajibu mwenyewe.

"Nimemeza, mwanangu."